Mtoto Asiyesikia Tena: Neno kwa Wazazi wa Kambini



Mkutano wa tawi moja la wakata miwa, huku mashariki ya Uganda, ulikuwa umekwisha kuzungumza habari ya glavu na habari ya mzani, ikafika ile sehemu ya mwisho iitwayo "mengineyo", wakati ambapo kwa kawaida watu wameshaanza kutafuta baiskeli zao. Mwanachama mmoja akainua mkono. Ni mtu wa zamani shambani, wa maneno machache. Akasema: "Ndugu mwenyekiti, chama hiki kinanisemea kwa meneja. Je, kinaweza kunisemea kwa mtoto wangu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 15, ameacha shule katikati ya muhula, anakata miwa kwenye mashamba ya wakulima wa nje, halali tena nyumbani, na akiulizwa hajibu. Jioni moja baba aliinua fimbo. Kijana akaushika ule mkono wenye fimbo, akaushusha polepole, kisha akatoka nje bila kusema neno. "Nimeshika panga miaka 22 ili yeye asilishike," akasema mzee, "naye amelishika ili asinisikilize mimi."

Hapo kicheko kilikwisha. Kabla mkutano haujafungwa walisimama wengine wanne: baba mwingine, na akina mama watatu, mmoja wao wa zamu ya usiku kiwandani, ambaye binti yake ana simu asiyoijua nani kainunua.

Ndiyo sababu tumeona vema kuliandika jambo hili katika ukurasa wetu wa Kiswahili, lugha ambayo Mlugbara na Msoga, Mwacholi na Mkiga huelewana nayo kazini. Si jambo la mshahara, lakini mfanyakazi aliyelala macho akimngoja mtoto huamka na mikono mizito, na panga halimhurumii mtu mwenye mawazo.

Kwanza tuelezane ni kitu gani kinachotokea. Mtoto anapoingia balehe, sisi huona sauti imekuwa nzito, au kifua cha msichana kimeota, tukadhani mabadiliko ni hayo tu. Makubwa zaidi yamo ndani ya kichwa. Wataalamu wanaochunguza ubongo kwa mashine za kupiga picha wameona kwamba sehemu yake ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayokomaa mwisho. Sehemu hiyo kazi yake ni kupima matokeo, kujizuia na kupanga mambo ya kesho, nayo haikamiliki mpaka mtu akaribie miaka 25. Lakini sehemu zinazoleta hamu, hasira na kupenda mambo mapya huamka mapema, mara tu balehe inapoanza. Basi kwa miaka kadhaa kijana yu kama trekta jipya ambalo breki zake hazijakazwa. Hakosi akili: akikaa mahali patulivu ukamwuliza hesabu ya faida na hasara, atakujibu vizuri pengine kukushinda wewe. Shida hutokea damu inapochemka, na hasa wenzake wanapomtazama. Mambo ambayo hangethubutu akiwa peke yake, huyafanya mbele ya rafiki zake.

Kwa wakazi wa kambi neno hili la "mbele ya wenzake" ni zito. Nyumba zetu zimepangwa kwa mstari, ukuta mmoja kati ya jirani na jirani, bomba moja la maji, jiko nje. Baba akimgombeza mwanawe mlangoni, kambi nzima inasikia, na kijana analijua hilo. Akinyamaza ataitwa mtoto. Akijibu ataitwa shujaa. Mara nyingi jibu lile chafu linalotuumiza halikusemwa kwetu. Lilisemwa kwa wale wanaosikiliza.

Kuna na jambo la usingizi, ambalo wengi hulihesabu kuwa uvivu. Katika umri huu saa ya mwili husogea mbele: usingizi wa kijana huchelewa kuja kwa saa moja au mbili kuliko zamani, na kuamka nako ni vivyo hivyo. Naye anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Mzazi aliyeamshwa na king'ora saa kumi na moja alfajiri, akirudi kumkuta kijana amejifunika shuka, humwona mzembe. Pengine ni mzembe kweli, hatukatai, lakini kosa lile si lake lote. Habari ya chakula tusiieleze. Kila mama anaijua sufuria ya posho inavyokwisha siku hizi.

Tena tuseme ukweli mmoja ambao wazee hawapendi kuusikia. Husemwa kwamba watoto wa zamani walitii. Ni akina nani waliojaza kambi hizi? Waliotoka West Nile na kwingineko kuja kwenye miwa, wengi wao walikuwa vijana wa miaka 16, 17, 18, na si wote walioaga. Mmoja alikataa kuchunga ng'ombe wa baba yake, mwingine aligombana juu ya mahari, mwingine alisikia tu kwamba huku kuna pesa, akapanda lori usiku. Waulizeni wazee wakati wa kupumzika chini ya mwembe, watawaambia, na watacheka. Baba zao hawakucheka. Ukaidi haukuja na simu.

Lililobadilika ni jingine. Kule nyumbani mzazi hakuachiwa peke yake kazi hii. Kwa Waganda msichana alifundishwa mambo ya utu uzima na ssenga, yaani shangazi yake, kwa kuwa mama na binti huoneana haya. Kwa Waacholi jioni ilikuwa na wang oo, moto uwanjani, wazee na watoto wamekaa pamoja, na maonyo yakatolewa kwa hadithi na vitendawili bila kumtaja mtu jina. Kila kabila lilikuwa na mjomba, bibi au babu ambaye kijana aligombana na baba yake akakimbilia kwake, akalala huko siku tatu, akarudi moyo umepoa. Alikuwa amekwenda kwa watu wake, na hakuna aliyesema ametoroka.

Kambini hakuna shangazi. Bibi yuko mbali, safari ya siku nzima kwa basi, na nauli ni mshahara wa siku nyingi. Watoto wetu wengi hata lugha ya bibi hawaijui sawasawa: wanasema Kisoga cha wenzao, na Kiingereza cha shule. Kwa hiyo kijana akigombana na baba, hana pa kukimbilia ila kwa vijana wengine kama yeye, kwenye kibanda cha video, kwenye kijiwe cha bodaboda, mahali pa kubeti mpira. Na baba naye, aliyepaswa kuwa mkali huku mjomba akiwa mpole, sasa anatakiwa awe wote wawili kwa kinywa kimoja, tena jioni, mgongo unauma. Wengi wetu tumechagua ukali kwa kuwa ndio unaochukua muda mfupi.

Jambo la pili lililobadilika ni pesa. Kadiri wakulima wa nje walivyoongeza miwa huku Busoga, kazi ya kukata na kupakia ikapatikana kila kijiji, inalipwa siku ile ile mkononi, wala haiulizi cheti. Shule zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona mwezi Machi 2020, zikakaa hivyo, kwa madarasa yote au kwa baadhi, mpaka tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili, watoto wengi walikwenda huko. Shule zilipofunguliwa, baadhi hawakurudi, na wadogo zao wamewafuata. Mtoto aliyekwisha kushika noti ya jasho lake ni vigumu kumwambia kaa, fungua daftari, omba ruhusa ya kwenda msalani. Amejiona mtu mzima. Na sisi tusijifanye hatuelewi, maana ndiyo pesa ile ile iliyotutoa sisi kwetu.

Lakini kazi yenyewe tunaijua. Tunajua panga linavyoteleza likiwa na umande, tunajua majivu ya miwa iliyochomwa yanavyokaa kifuani, tunajua trela linavyopinduka. Sheria nayo inasema. Sheria ya Kazi ya mwaka 2006 inakataza kabisa kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 12, na inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa moja jioni na saa moja asubuhi. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalipandisha umri wa kuajiriwa mpaka miaka 16. Na mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1999, unakataza kazi za hatari kwa kila aliye chini ya miaka 18. Sisi tunaokata miwa hatuhitaji kuambiwa kama ni kazi ya hatari. Kontrakta anayempa panga mtoto wa miaka 15 anamwibia mtoto, na anatuibia sisi pia, kwa kuwa yule mtoto anakubali malipo ambayo mtu mzima angeyakataa, na bei ya mstari inashuka kwa wote. Hapo suala la nyumbani na suala la chama limekuwa moja.

Sasa tuje kwenye fimbo. Tulibishana sana juu ya sehemu hii, na hatutaficha kwamba baadhi yetu tulilelewa kwa fimbo na tunaona haikutuua. Lakini tutazame kwa jicho la mtu wa kazi: kifaa hupimwa kwa kazi kinayofanya. Mtoto wa miaka 6 ukimpiga, huacha jambo kwa sababu anakuogopa. Wa miaka 15 amekwisha kuwa na nguvu karibu sawa na zako. Ukimpiga atachagua moja kati ya matatu: atakupiga, atakimbia, au atajifunza kusema uwongo mzuri zaidi. Hakuna hata moja kati ya hayo ulilolitaka. Viboko shuleni vimekatazwa na sheria tangu 2016, ingawa sote twajua bado vinalia mahali pengine, na Sheria ya Watoto inamtaka mzazi naye amlinde mtoto na mateso. Yule mwenzetu aliyeshikwa mkono alisema neno lililotufanya wengi tuinamishe vichwa. Alisema: "Aliponishika, niliona ana huruma. Angeweza kunisukuma."

Basi tufanye nini? Hatuna dawa, ila tunayo machache ambayo wenzetu wameyajaribu yakasaidia, na mengine tumeyapata kwa watu wa ustawi wa jamii.

Lililo kubwa ni kutafuta sababu kabla ya kutoa hukumu. Tutarudi kwenye habari ya yule mwenzetu, maana ndiyo iliyotufundisha. Mtu mmoja wa kiwandani, fundi wa kuchomelea vyuma, anayesema lugha moja na ile familia, aliombwa na tawi amtafute kijana. Hakumwita. Alimkuta amekaa na baiskeli iliyovunjika, akamwambia ailete karakana ya nyumbani kwake. Wakaitengeneza pamoja Jumapili mbili. Jumapili ya kwanza hawakuzungumza lolote la maana. Ya pili kijana akasema mwenyewe. Kumbe alikuwa amerudishwa nyumbani kwa deni la ada, jina lake likasomwa mbele ya darasa zima. Hakumwambia baba, kwa kuwa alijua mwezi ule baba amekatwa mshahara kwa siku alizougua. Wiki tatu alitoka asubuhi na sare, akakaa kichakani mpaka saa ya kurudi. Halafu akaenda kukata miwa ili alipe lile deni mwenyewe. Alipopata pesa ya kutosha, aibu ya kurudi ilikuwa kubwa kuliko deni. Tena alikuwa akimpa mama yake unga, na mama akamficha baba, asije akaona amedharauliwa.

Baba hakujua hata moja katika hayo. Alikuwa ameuliza, naam, lakini aliuliza hivi: "Kwa nini umeacha shule, mjinga wewe?" Swali la namna hiyo ni kofi lililovaa nguo. Halingojei jibu.

Tazameni namna yule fundi alivyofanya. Alizungumza mikono ikiwa na kazi, macho yao yote mawili yakitazama baiskeli. Kijana akikalishwa mbele ya mtu mzima na kutazamwa usoni hujiona yuko polisi. Akishika spana husahau kujilinda. Baba unaweza kufanya hivyo hivyo kwa kupalilia bustani pamoja, kuteka maji, kutembea kwenda dukani. Na usianze jioni ile ile uliyotoka kazini na njaa. Kama mna siku moja ya mapumziko katika juma, asubuhi ya siku hiyo ni bora kuliko jioni sita.

Yafaa pia kuchagua vita. Nywele, suruali ya kubana, muziki, namna ya kutembea: haya hupita, yaacheni yapite hata yakikuudhi. Pombe, kulala nje bila kusema, kupiga wadogo, kuiba: haya yashikilieni, tena yawe machache na yajulikane mapema, kama vile makubaliano ya kazi yanavyoandikwa kabla ya kazi kuanza na si baada ya mtu kuumia. Kijana akishirikishwa kuyapanga atayavunja, ndiyo, lakini atajua ameyavunja ya kwake. Sisi watu wa chama tunalijua jambo hili vizuri kuliko wengine. Amri iliyobandikwa ukutani na meneja bila kuuliza mtu, je, tuliipenda? Mezani tunataka tusikilizwe. Nyumbani tunakuwa mameneja.

Na mzazi akikosea aseme amekosea. Wengi huona ni kujishusha. Mama mmoja wa kiwanda cha chai kule upande wa Fort Portal alitueleza kwamba alimtuhumu binti yake kwa pesa zilizopotea, kisha akazikuta kwenye mfuko wa aproni yake ya kazi. Alikaa siku mbili akitafuta njia ya kulipita jambo lile kimya kimya. Siku ya tatu akamwambia, "Mwanangu, nilikosa, nisamehe." Binti hakujibu kitu, akaendelea kuosha sahani. Lakini usiku ule alimweleza mama habari ya kijana fulani anayemfuata njiani, habari ambayo alikuwa nayo tangu miezi miwili.

Kwa mabinti tuongeze neno, kwa sababu hatari yao ni nyingine. Kijana wa kiume huitwa mkaidi akikataa kazi. Binti huitwa mkaidi akichelewa bombani. Pengine amechelewa kwa kuwa kuna mtu mzima, mwenye mshahara, anayemnunulia chapati na sabuni, na pengine pedi ambazo baba hakujua kwamba zinahitaji pesa. Mtu mzima huyo anavunja sheria, kwa kuwa aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata akisema amekubali. Tena mara nyingine tunamfahamu, ni mwenzetu, ni nyapara, ni dereva. Tusimfiche kwa sababu ya undugu wa kazi. Na binti akipata mimba asifukuzwe nyumbani. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unataka arudishwe shuleni baada ya kujifungua. Tumeona wazazi wasiojua jambo hili wakamwoza mtoto haraka haraka kwa yule yule aliyemharibia.

Ziko alama ambazo si ukaidi, bali ni ugonjwa au hatari, na hapo mzazi asingoje. Kijana aliyekuwa na marafiki akajitenga na wote, anayeacha kula, anayegawa vitu vyake, anayesema maisha hayana maana au kwamba watu watapumzika akiondoka. Usimwambie anajidai. Mwulize waziwazi kama anafikiri kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humtua mzigo. Kaa naye, usimwache peke yake, na mpeleke kwenye kituo cha afya. Na hili tunawaomba wote, hata wale wenye watoto wapole: dawa za kuulia magugu na wadudu zisiwekwe ndani ya nyumba, hata chupa moja iliyobaki chini ya kitanda. Hasira ya kijana huja na kupita kwa muda mfupi, dawa ile haimpi nafasi ya pili. Ipo pia simu ya watoto, namba 116, isiyo na malipo, ambayo mtoto au mzazi anaweza kupiga. Katika halmashauri ya kijiji, makamu wa mwenyekiti ndiye mwenye dhamana ya mambo ya watoto, na wilayani yuko ofisa wa ustawi wa jamii. Kwenda kwao si kumshtaki mtoto.

Sasa, ndugu wanachama, tusiweke mzigo wote mabegani mwa mzazi, maana huo ndio wimbo wa wale wasiotaka kutoa kitu. Mtu anayetoka nyumbani gizani na kurudi gizani atamjua mtoto wake lini? Sheria ya 2006 imeweka saa 48 kwa juma na siku nzima ya kupumzika. Panapofanywa zaidi ya hapo, wakati wa mtoto ndio unaoliwa. Sheria hiyo hiyo inampa baba siku 4 mtoto akizaliwa, na ni vema. Lakini mtoto akifika miaka 15, baba hana hata saa moja zaidi ya likizo yake ya mwaka. Shule ikimwita mzazi siku ya kazi, huchagua kati ya mwalimu na mshahara wa siku. Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unahusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia, na unasema majukumu hayo peke yake yasiwe sababu ya kumwachisha mtu kazi. Nchi isiyouridhia haifungwi nao, lakini hakuna anayekizuia chama kuyaleta maneno yake mezani wakati wa kujadili mkataba wa hiari.

Na nyumba. Chumba kimoja kwa baba, mama na watoto sita, wawili wao wamebalehe. Kijana wa kiume mwenye haya hawezi kulala hapo, wala si heshima alale hapo. Anakwenda kulala kwa wenzake, na sisi tunasema ametoroka. Mara ngapi tumeandika barua za nyumba tukitaja paa linalovuja na choo kilichojaa, tusitaje jambo hili kwa kuwa tunaona haya? Tulitaje. Chumba cha pili kwa familia yenye watoto wakubwa ni dai la kazi kama glavu.

Yule mwenzetu tulimtembelea mwezi uliopita. Kijana wake amefikia miaka 16. Hakurudi shule ile. Alisema hatakaa na wadogo waliompita, na baba, baada ya kukasirika siku mbili, alikubali. Wamepatana aende chuo cha ufundi kujifunza kuchomelea vyuma, na ada wanachangiana: baba sehemu, kijana sehemu kwa kumsaidia fundi siku za Jumamosi, miwa ameiacha. Analala nyumbani, nyuma ya ukuta wa magunia aliouweka baba yake. Si kwamba wamekuwa marafiki. Bado hujibu kwa mkato, na wiki mbili zilizopita alikuja usiku akinuka waragi, wakagombana. Lakini asubuhi yake baba alipotoka kazini alimkuta amekaa mlangoni, akamwambia, "Mzee, jana nilikosa." Mzee anasema hakujua la kujibu, akamwuliza kama amekula.

Katika mkutano ujao wa tawi lile jambo hili limeondolewa kwenye "mengineyo" na kuandikwa ajenda namba 4, pamoja na habari ya vyumba na ya ruhusa ya kwenda shuleni bila kukatwa. Akina mama wa zamu ya usiku wameomba saa ibadilishwe wapate kulala kidogo, kwa hiyo mkutano utaanza saa nane mchana badala ya saa nne asubuhi. Wenye watoto wakubwa wanaotaka kuja nao, waje nao.